Kilo ishirini tangu kidato cha sita

Kihesa, Iringa

Mwanangu,

Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Huku baridi ya Juni imeshaingia, na najua huko Mbeya mnajifunika mablanketi mawili. Baridi hiyo nitairudia, kwa sababu inahusika na hili ninalokuandikia.

Namba zako nimezipata: urefu mita 1.62, uzito kilo 74, presha 134/86. Muuguzi amekwambia huna presha, na hajakosea. Mpaka wa kuitwa mgonjwa ni 140/90, tena iwe imepimwa zaidi ya siku moja. Lakini namba ninayoitaka mimi hukuiandika. Fomu yako ya afya ya kuingilia chuo ninayo hapa, na inasema ulikuwa na kilo 54. Umeongeza kilo 20 katika miaka ishirini, kilo moja kwa mwaka, na hakuna mwaka hata mmoja ambao ungeweza kusema, "mwaka huu nimenenepa."

Watu wengi hutazama kipimo cha uzito kwa urefu: unachukua kilo zako, unazigawanya kwa urefu mara urefu. Wewe unapata 28. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa. Kipimo hicho ni kizuri, ila kinaficha jambo. Mwanamke wa urefu wako aliyekuwa na kilo 48 akafika 62 bado yuko chini ya 25, na wote watamwambia yuko sawa. Mwili wake lakini umeongeza kilo 14 za kulisha kwa damu. Ndiyo maana nakuomba ujilinganishe na wewe wa miaka 18, uachane na wenzako wa ofisini.

Wauguzi wa kike wa Marekani wamefuatiliwa tangu 1976, na mwaka 1998 yakachapishwa matokeo yao kuhusu uzito na presha. Walilinganishwa na wale ambao uzito wao haukusogea zaidi ya kilo 2 tangu umri wa miaka 18. Walioongeza kilo 5 hadi 10 tu, hatari yao ya kupata presha ilikuwa karibu mara 1.7 ya hao. Walioongeza kilo 25 na kuendelea, mara 5 na ushee. Waliopunguza, hatari yao ilishuka. Sasa jiweke mwenyewe katikati hapo.

Kwa nini iwe hivyo? Watu hudhani moyo ndio unaoamua presha. Moyo unasukuma tu. Figo ndiyo yenye neno la mwisho, kwa sababu ndiyo inayoamua chumvi na maji kiasi gani vitoke na kiasi gani vibaki kwenye damu. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo huizingira figo na kuibana. Mwili mnene pia huwa na insulini nyingi, ile homoni inayoongoza sukari ya damu, na insulini huiambia figo ishike chumvi. Mishipa ya fahamu inayoamsha mwili nayo inakuwa juu muda wote, na homoni za kubana mishipa ya damu zinaongezeka. Mwisho wake figo haiwezi tena kutoa chumvi ileile mpaka isukumwe kwa presha kubwa zaidi ya zamani, na mwili unaikubali presha hiyo mpya kana kwamba ndiyo ya kawaida. Ongeza na kukoroma: mafuta ya shingoni yakiziba njia ya hewa usingizini, pumzi inakatika, mwili unashtuka, presha inapanda usiku ambapo ilitakiwa ishuke. Muulize mume wako kama unakoroma na kukata pumzi. Asikufiche.

Kwa hiyo pima na kiuno. Tumia tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Usipime pale sketi inapokaa. Kwa mwanamke sentimita 80 ni onyo, 88 ni hatari kubwa. Njia nyingine rahisi: kiuno kisizidi nusu ya urefu, yaani kwako 81.

Sasa chakula. Sitakuandikia orodha ya vyakula vya kuacha, maana orodha hizo huishi wiki tatu. Shika hesabu moja tu: kwa kila kilo moja unayotaka iondoke na isirudi, punguza kalori kama 24 kwa siku, kwa kudumu. Kilo 5 ni kalori 120 kwa siku. Nusu ya kupungua huko utaiona katika mwaka wa kwanza, na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Najua ni polepole. Hata kuongezeka kulikuwa polepole.

Kalori 120 ni kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia, mafuta yoyote, ya alizeti yakiwemo. Hapo ndipo pa kuanzia kwako, kwa sababu umesema dumu la lita 5 linaisha kwa mwezi na mko wanne. Gawanya: ni mililita 41 na ushee kwa mtu kwa siku, karibu vijiko vitatu. Dumu hilohilo likiisha kwa siku 50, kila mmoja anapata mililita 25. Umeshapunguza kalori 130 hivi bila kugusa ugali. Andika tarehe ya kulifungua kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa dumu, na mafuta yaingie sufuriani kwa kijiko. Anayemimina kutoka kwenye dumu hupima kwa macho, na macho ya mpishi mwenye njaa hayana haya. Watoto usiwabane, wape parachichi. Wewe parachichi la Rungwe kula nusu, na liwe mahali pa mafuta, siyo juu yake: lile kubwa zima lina zaidi ya kalori 300.

Baada ya mafuta ni sukari ya kunywa. Soda ya mililita 350 ina kalori kama 140. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, vinafika palepale. Wanaosema "mimi sinywi soda" huku wanakunywa chai ya hivyo wanajidanganya. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea.

Chumvi ina dumu lake pia. Mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Kwa watu wanne pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 25, na kwa kuwa watoto wanahitaji chini ya hapo na mnakula vya dukani, ifike hata 40. Kuna kitu kimoja ambacho wapishi wa huku hawakihesabu kabisa: magadi. Nayo ina sodiamu, kilekile kilichomo kwenye chumvi, sema tu ladha yake haikustui kama chumvi. Maharage yaloweke usiku, mwaga yale maji asubuhi, chemsha kwa maji mapya. Yataiva bila magadi. Maharage hayo, ndizi, viazi na majani ya maboga vina potasiamu, inayoisaidia figo kutoa chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze hivyo bila kumuuliza daktari.

Kutembea: nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini usioweza kuimba. Shuka kwenye bajaji kabla ya kituo chako, na vilima vya huko si haba. Usitegemee kupungua kwa kutembea peke yake, maana nusu saa hulipa kama chupa moja tu ya soda. Faida yake ni kwamba presha hushuka hata kama mizani haikusogea.

Mizani: mara moja kwa wiki, ileile, asubuhi baada ya choo, bila sweta wala viatu. Ukikaribia siku zako kilo moja au mbili za maji zinaweza kupanda na kushuka zenyewe. Usilie, usishangilie.

Presha sasa, na hapa uwe makini kuliko kote. Kaa dakika tano kimya kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kibofu kiwe kitupu, na nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa au chai ya majani. Kibofu kilichojaa, miguu iliyopishana au mazungumzo huongeza namba. Chumba kiwe na joto, kwa sababu baridi hubana mishipa na presha hupanda. Vua sweta mkono huo. Ukilikunja, lile kunjo lenyewe linakaba. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, dakika moja katikati, siku saba. Siku ya kwanza itupe, zinazobaki tafuta wastani. Nyumbani mpaka ni 135/85. Ikifika hapo nenda zahanati na daftari lako. Ikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika tano urudie. Ikibaki hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, macho kufifia, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, nenda saa hiyohiyo. Usisubiri mpaka kisogo kianze kuuma. Presha ya watu wengi haiumi popote.

Kila kilo moja inayoondoka hushusha presha kwa wastani kama alama moja, ya juu na ya chini. Kilo 5 zinakupeleka karibu na 129/81.

Umesema goti linauma na unakunywa diklofenaki. Hiyo nayo hupandisha presha, na ibuprofeni vilevile. Tumia parasetamoli kwanza, kwa kipimo chake. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo vinaweza kuipandisha. Usiviache kiholela ukajikuta na mimba. Mwambie muuguzi namba zako, akueleze kuhusu kitanzi. Na zile chai za kukata tumbo zinazouzwa kwenye simu usiziguse. Nyingi ni za kuharisha. Kinachoondoka ni maji. Nyingine zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa.

Utakapoanza kupungua, watakuuliza unaumwa nini. Huku kwetu mtu akikonda hupewa ugonjwa, akinenepa huambiwa amenawiri. Waambie dumu la mafuta limepanda bei.

Nataka nikutumie mashine ya presha kwa basi la Jumamosi, ila nisije nikanunua mkanda usiokutosha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na ule wa kawaida huwa ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Chukua tepu, pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umeulegeza, kisha uniandikie namba hiyo kabla ya Ijumaa.

Mama yako