Riwaya nimezipenda, ila mpagazi wetu yuko wapi?

Mhariri, salaam. Mi sio mwalimu wa fasihi wala sijasomea uhakiki, nauza spea za baiskeli hapa Tabora na mchana wateja wakikata nafungua kitabu, kwa hiyo haya ni maoni ya msomaji wa kawaida tu, wataalamu msininunie.

Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzee wa Zanzibar aliyechukua Nobel 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, Kiswahili chake kimekuja 2022, kazi ya Ida Hadjivayanis, wachapaji Mkuki na Nyota. Aisee Kiswahili kimenyooka, usipoambiwa hujui kama kitabu kilizaliwa kwa lugha nyingine. Mtoto Yusuf anaondoka kwao na tajiri Aziz, anamuona kama ndugu wa nyumbani, kumbe baba mtu ana deni na mtoto ndo kawekwa rehani, mpaka akifika dukani Khalil anampasulia ukweli kwamba huyu sio ndugu yako, wewe ni mali yake kama mimi. Hapo nilifunga kitabu kidogo. Maana hata leo utasikia mtoto kachukuliwa "anaenda kusoma mjini", ukiuliza habari zake unaambiwa anaosha vyombo kwa watu. Halafu kuna Kalasinga, fundi magari, anayesema atatafsiri Kurani kwa Kiswahili, mabishano yale yalinichekesha mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Sasa tatizo langu. Msafara wa biashara wa Aziz ukianza kuingia bara mi nikakaa vizuri, maana njia ile ya pwani mpaka Ujiji ilipita hapahapa kwetu, na wapagazi, yaani waliobeba pembe na vitambaa, wengi walikuwa Wanyamwezi, mtu na mzigo wake wa kilo 30 na ushee kichwani au begani, miezi na miezi. Kwenye kitabu tunamsikia tajiri, tunamsikia mnyapara, tunasikia hofu zao za washenzi wa bara, ila wabebaji karibu wote wanapita tu bila majina, wanaugua, wanakufa, msafara unaendelea. Naelewa macho ni ya Yusuf na mwandishi ana haki ya kuchagua amfuate nani, sibishi hilo. Ila mi nilikuwa namtafuta yule mtu kila ukurasa. Katoka kijiji gani, kwa nini alikubali kubeba, nyumbani nani alikuwa analima, na akirudi alikuta nini? Hakuna. Na mwisho wa kitabu, siusemi kwa ambao hawajasoma, nimeurudia na bado sijakubali alichofanya Yusuf, mke wangu anasema na yeye angefanya vilevile, tumebishana mpaka ugali ukapoa.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni ya 1999 lakini mi nimeisoma juzijuzi, nilisikia habari za ile filamu ya Amil Shivji ya 2021 nikasema ngoja nianze na kitabu. Yasmin nampa maksi zote, kaozeshwa mzee, kamkimbia, na humuonei huruma ya kumlilia, unamshangilia. Denge, mpenzi wake, ndo alinichosha, mapenzi yanakolea yeye anarudi kwenye siasa, najua ilikuwa wakati wa kudai uhuru lakini jamani.

Hizi simulizi za kwenye simu nazo nasoma, nisidanganye watu. Kila mtu ana jumba Masaki, herufi kubwa hazipo, na ikifika patamu unaambiwa tuma buku upate sehemu ya pili. Natuma! Wale vijana hawapotezi muda, ukurasa wa kwanza tu kuna mtu kashikwa ugoni. Waandishi wetu wakubwa wengine wanakuelezea machweo kurasa tatu kabla mtu hajafungua mdomo, wangewaibia kidogo hao vijana.

Kupata vitabu ndo kazi nyingine. Kipalapala hapo kuna kiwanda cha uchapaji cha wamisionari cha miaka mingi, lakini ukitaka riwaya mpya unamuagiza anayekuja na treni toka Dar, maduka yetu ni daftari na vitabu vya mitihani. Tangu 2023 tunasikia washindi wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi wanatangazwa, tunapiga makofi, kitabu chenyewe hatukioni. Mhariri, kwa nini msiwe mnatoa hata sura ya kwanza ya mshindi kwenye toleo la Jumamosi? Mtu akionja atatafuta mwenyewe.

Na kama kuna msomaji anajua riwaya ya Kiswahili ambayo mpagazi wa Kinyamwezi ndo mhusika mkuu, aandike hapa jina na bei, mi nitaagiza kwa basi.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Tabora