Kwa vijana wasanifu majengo mnaofungua ofisi pamoja

Wanangu,

Nasikia mnaungana, marafiki wa darasa moja, wengine mume na mke, mnafungua ofisi zenu. Nimefurahi mno. Ila kabla hamjapata kazi kubwa ya kwanza, kubalianeni jina la nani litaandikwa wapi.

Nasema hivi nikimfikiria msanifu majengo Denise Scott Brown. Mama huyu alizaliwa mwaka 1931 Nkana, katika Zambia ya leo, akakulia Johannesburg, akasoma London na baadaye Philadelphia, Marekani. Tangu 1967 alikuwa katika ofisi moja na mumewe, Robert Venturi. Walisanifu pamoja, wakafundisha pamoja, wakaandika pamoja. Mwaka 1991 Tuzo ya Pritzker, ambayo katika fani yetu haina mpinzani, akapewa Venturi peke yake. Denise hakwenda kwenye sherehe.

Dharau haikuanza siku hiyo. Alikwisha kuiandika mwaka 1975, makala ikakaa mpaka 1989 ndipo ikachapwa. Anasimulia jinsi waandishi wa habari wa Italia walivyoombwa na Venturi wazungumze na mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekielewa zaidi Kiitaliano, nao wasimjali. Mabinti zangu, haya mnayajua. Mnafika saiti, msimamizi anamkunjulia michoro kijana mliyeongozana naye, hata kama mchoraji ni wewe.

Na Denise hakujipigania mwenyewe tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Philadelphia ilipotaka kupitisha barabara kuu South Street na kubomoa makazi ya watu, wengi wao Weusi na wa kipato cha chini, alisimama na wakazi na kuwasaidia kuandaa mpango wao mbadala. Barabara haikujengwa. Kazi ya namna hiyo haileti picha nzuri ya kumwonyesha mteja, lakini msiikatae watu wakija kuwaomba.

Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa kike wa Harvard walianzisha ombi atambuliwe katika tuzo ile. Maelfu walitia saini, Venturi mwenyewe akiwamo. Waliotoa tuzo walikataa. Lakini chama cha wasanifu majengo cha Marekani kilirekebisha kanuni ili watu wawili waweze kupokea Medali yake ya Dhahabu kwa pamoja, na mwaka 2016 Denise na mumewe wakatunukiwa.

Basi andikeni majina yote tangu mchoro wa kwanza, hata la aliyechora ngazi tu. Mteja akimsifu mmoja kwa kazi ya wawili, aliyesifiwa ndiye asahihishe, palepale, mwenzake asilazimike kujitetea. Vijana wa kiume, hapo nawategemea ninyi hasa. Na mlio wanandoa, msiseme "sisi ni kitu kimoja" mkaishia hapo. Nendeni kwa wakili, hisa za kila mmoja ziandikwe.

Mzee wenu katika fani