Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mwanafunzi wa masafa anahitaji mkufunzi kuliko studio

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba nikuandikie hadharani kuhusu jambo ambalo litaamua ubora wa shahada zetu kwa miaka mingi ijayo, nalo ni namna vyuo vikuu vinavyohamisha masomo kutoka darasani kwenda mtandaoni. Mimi ni mhadhiri. Nimefundisha kumbini na nimefundisha wanafunzi wa masafa, yaani wanaosoma wakiwa mbali na chuo, na sina ugomvi na njia yoyote kati ya hizo mbili. Ninachohofia ni kwamba tunanunua kamera na kujenga studio huku tukimsahau mtu anayepaswa kumjibu mwanafunzi.

Nianze na darasa lenyewe, maana tusipolijua vizuri tutaiga sehemu yake isiyofaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikubwa huketi ukumbini na mamia ya wenzake, wengine wakisikiliza kwa kusimama madirishani, na saa mbili za mhadhara hupita asiulize swali hata moja. Hata hivyo hufaulu, kwa sababu jioni yeye na wenzake hukutana kwenye kimbweta, yaani meza na viti vya zege vya kusomea nje, mmoja akasoma madesa (nukuu za masomo wanazopeana) kwa sauti, mwingine akapinga, na yule aliyejiona ameelewa akalazimika kueleza upya mpaka akagundua mahali alipokuwa akibahatisha. Wakikwama wote, humsubiri mhadhiri nje ya ofisi yake. Tunapohamishia masomo mtandaoni tunahamisha mhadhara, ambao ndio sehemu dhaifu kuliko zote, na kukiacha kimbweta chuoni.

Mfikirie mwalimu wa sekondari wa Sikonge anayesomea shahada ya uzamili akiwa kazini. Saa tatu usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya kidato cha pili, hununua bando ili apakue video ndefu iliyorekodiwa ukumbini. Ndani yake mhadhiri anaelekeza kidole ubaoni na kusema “kama mnavyoona hapa”, lakini ubao wenyewe hauonekani. Swali lake huliandika kwenye mfumo wa kozi, nalo hukaa humo hadi mtihani unapita. Kazi aliyoituma hurudi na alama 12 kati ya 20, bila neno jingine lolote. Nimewahi kuona kazi ya kiwango hichohicho ikirudishwa na mkufunzi aliyeandika pembeni, “Umeeleza kilichotokea, hujaeleza kwa nini kilitokea huko na si kwingine,” na mwanafunzi akaiandika upya kwa namna ambayo mhadhara pekee usingemfikisha.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia takribani watu milioni 2 kwa redio na vijitabu. Redio haikuachwa ifundishe peke yake: watu walikaa kwa vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote ilipodai walimu wengi kuliko uwezo wa vyuo, makumi ya maelfu yao walifundishwa wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta na redio, chini ya wakufunzi waliowafikia hukohuko. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kilivuma kwa vipindi vyake vya BBC, lakini uti wa mgongo wake ulikuwa wakufunzi wa muda waliotawanyika nchi nzima na kusahihisha kazi kwa maelezo. Nasi tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, pamoja na vituo vyake mikoani, ambavyo kwa maoni yangu ni hazina kubwa kuliko studio yoyote tutakayoijenga.

Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009 ulifupisha safari ya barua. Haukufupisha muda anaouhitaji mkufunzi kuisoma kazi na kuijibu. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wetu tulihitimisha kwamba kilichopungua ni vifaa. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unaleta majengo na vifaa vilivyohitajika kweli, nami naushukuru. Lakini katika vyuo nilivyofanya kazi, mzigo wa mhadhiri huhesabiwa kwa saa za kusimama mbele ya darasa, na jioni nzima ya kuwajibu wanafunzi wa Kigoma na Newala haihesabiwi popote. Kazi isiyohesabiwa hufanywa na wenye moyo tu, nao huchoka.

Sizungumzii maabara za kemia wala wodi za wauguzi. Huko lazima mtu awepo, na masafa yasilazimishwe.

Ombi langu ni kwamba Tume ya Vyuo Vikuu isiidhinishe programu yoyote ya masafa mpaka chuo kionyeshe ni nani atakayewajibu wanafunzi, kila mkufunzi atakuwa na wangapi, na kazi itarudi na maelezo ndani ya siku ngapi. Wakufunzi wenyewe wapo: wahadhiri wastaafu walio mikoani, na walimu wa sekondari wenye shahada za uzamili ambao wangeweza kuajiriwa kwa muda na kukutana na vikundi vya wanafunzi Jumamosi katika shule zilezile wanazofundisha. Saa zao zilipwe, na za wahadhiri walioajiriwa zihesabiwe kuwa ni kufundisha. Utakapowasilisha bungeni bajeti ijayo ya Wizara, naomba fungu la wakufunzi wa masafa lionekane kwa jina lake, lisifichwe ndani ya matumizi ya TEHAMA.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri,
Morogoro.