Ile buti uliyoicheka

Mwanza, Jumapili jioni

Kaka Mussa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Mvua imegoma kukatika na njia ya kuingia kwetu imegeuka mto, ila maisha yanaenda.

Maneno yako ya siku ile ya harusi bado ninayo. Uliizunguka Toyota Platz yangu, ile sedani ndogo, mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi, halafu ukatangaza mbele ya wakwe zangu kwamba hiki ni kigari kilichoazima buti, yaani sanduku la mizigo la nyuma, kwa jirani. Walicheka, na mimi nikacheka. Kilichoniuma ni kwamba ulisema kweli bila kujua.

Buti ile ilikuja baadaye kweli. Januari 1999 Toyota waliitoa Vitz ili ishike nafasi ya Starlet, gari lao dogo la awali. Aliyeichora si Mjapani, ni Mgiriki, Sotiris Kovos, aliyekuwa kwenye studio yao ya Ulaya, wakati huo ikiwa Brussels. Kilikuwa kigari kifupi, kinene, nyuma kimekatwa kama mkate. Kikapendwa mno. Japani kikatwaa tuzo ya gari la mwaka, na Ulaya, kwa jina la Yaris, kikaitwaa ya kwao ya mwaka 2000. Sasa palikuwa na wateja waliozoea sedani ndogo, wale wa Toyota Corsa na Tercel, ambao hawataki mzigo wao uonekane kupitia kioo cha nyuma. Agosti mwaka uleule wa 1999 wakatolewa Platz: Vitz ileile, na buti yake.

Na usidhani Corsa na Tercel zilikuwa gari za hivihivi. Zilipotoka mwaka 1978 ndizo zilizokuwa Toyota za kwanza kuvutwa na tairi za mbele. Injini waliilaza kwa urefu, kama kwenye gari la kusukumwa na tairi za nyuma, kana kwamba walikuwa hawajaamini walichokifanya.

Turudi kwenye aibu yangu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Vitz ina milimita 2,370. Platz nayo ni 2,370, haikuongezwa hata moja. Lakini ukipima gari zima, Vitz ile ya mwanzo ni milimita 3,610 na Platz ni 4,145. Ile nusu mita na ushee, sehemu kubwa yake imening'inia nyuma ya tairi za nyuma. Ndiyo maana nikipakia magunia mawili ya mchele, pua inanyanyuka na taa zinamulika popo. Mchoro ulikuwa umeshamalizikia kwenye mlango wa nyuma, wao wakauambia uendelee. Macho yako hayakukudanganya.

Ila hukuingia ndani, Mussa. Ulihukumu nyumba kwa bati. Kimo chake ni kama mita moja na nusu, kirefu kwa sedani ya saizi ile, na kiti kimeinuliwa kufuata kimo hicho. Mama, magoti yake unayajua, hakai ndani ya gari langu kwa kuporomoka kama anayeingia shimoni. Anakaa tu, kama kwenye kiti cha mezani, na akifika anashuka bila kuvutwa mkono. Nyuma wanakaa watu wazima na vilemba vyao havigusi dari. Upana wote ni sentimita 166, kwa hiyo napita vichochoro vya mtaani kwetu ambako gari lako linaishia kupiga reverse. Walikosa urefu, wakaitafuta nafasi juu. Jina lenyewe ni neno la Kijerumani lenye maana ya mahali, au nafasi. Vitz nayo jina lake linatokana na Kijerumani, neno la werevu ambalo pia ni mzaha, kwa hiyo labda ulichekea palipostahili.

Kitu kingine ni zile saa za dashibodi. Siku ya kwanza naendesha nilitafuta spidi nyuma ya usukani nikakuta plastiki tupu. Ziko katikati, juu, zimepinda kidogo kumtazama dereva. Waliona jicho halitahangaika sana kutoka barabarani. Mimi naona kuna faida nyingine hawakuipigia kelele: dashibodi ya namna hiyo ni rahisi kuigeuza kwa nchi za usukani wa kushoto. Na ilihitajika, maana gari hili lilivuka hadi Marekani likiitwa Echo, na kule walikuwa nayo hata ya milango miwili. Hebu fikiria Platz ya milango miwili. Ungezimia pale harusini.

Halafu unanicheka huku wewe mwenyewe umeendesha IST miaka minne! Hao ni ndugu wa tumbo moja. IST ilitoka mwaka 2002 juu ya msingi uleule wa Vitz, na umbali wa ekseli ni uleule. Injini ya 1NZ ya cc 1,496 iliyo kwenye Platz yangu utaikuta kwenye IST, Probox, Raum na Corolla kadhaa. Ni ya cheni, si ya mkanda, na fundi wangu anaifungua huku anapiga soga. Spea sijawahi kuzililia. Zile zenye injini ya cc 997 ni nyepesi kwa mafuta, ila mlimani na abiria wanne utashuka gia hadi uione aibu.

Sasa hiyo Toyota Belta uliyoniandikia kwamba unafikiria kuinunua. Ni mrithi halali wa Platz, ilitoka Novemba 2005, na nadhani hapo waliisikia kelele ya watu kama wewe. Safari hii hawakubandika kitu: ekseli zilitenganishwa hadi milimita 2,550, kimo kikapunguzwa, buti ikaota mwilini. Ni nzuri, sibishi. Magoti ya mama, lakini, yatakuwa na neno.

Kama umeamua, usinunue kwa kung'aa kwa rangi. Nyingi za cc 1,000 na 1,300 zina giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, na hiyo haitaki oili ya giaboksi ya kawaida. Muulize mwenye gari aliweka oili gani na lini. Akianza kuhesabu vidole, shika njia yako. Liendeshe likiwa la baridi, asubuhi kabla hajaliwasha yeye, usikilize linavyoondoka.

Nakuja Morogoro mwisho wa mwezi ujao kumpeleka mama kwa dada. Nitapitia kwako tukalitazame hilo gari pamoja. Tutakwenda na Platz, wewe utakaa nyuma na kilemba.

Msalimie sana shemeji.

Ndugu yako,
Deo