Walezi wa watoto wapumzike saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Tunasimamia kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hapa Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Wazazi wengi ni akina mama wa dagaa na samaki, kwa hiyo mlango hufunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 12 jioni. Walezi ni 4: wawili huingia alfajiri na kutoka saa 8 mchana, wawili huanza saa 3 asubuhi hadi kufunga. Kwenye karatasi zamu zinapendeza. Ila wanaoacha kazi hawaanzi kulalamikia mshahara. Wanaanza na kukosa mtu wa kumpokea mtoto hata wakitaka kwenda msalani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Anaweza kutakiwa kufanya kazi muda huo pale tu kazi isipoweza kuachwa bila mtu au kufanywa na mwingine. Mtoto haachwi bila mtu, na wasimamizi wengi tunajificha nyuma ya kifungu hicho. Walioingia alfajiri hutimiza saa 5 saa 4 asubuhi, uji ndio unaingia. Wa zamu ya pili wakisubiri hadi saa 8 ipite, akitoka mmoja anabaki mlezi peke yake na watoto wote. Wengine hushauri wapumzike watoto wakilala. Jamani, huo ndio muda wa kuosha vyombo, kufua nepi na kujaza daftari, na chumbani lazima abaki mtu macho.

Tunafikiria mlezi wa akiba, saa 4 hadi saa 8, ampokee kila mlezi saa moja kwa zamu, kisha alasiri ahamie kituo jirani. Tunakwama pawili. Watoto wachanga hulia wakipokewa na mgeni, mlezi wao akisikia anaacha chakula chake anarudi. Halafu malipo: siku za mbalamwezi uvuvi wa dagaa, unaotegemea usiku wa giza, hulala, ada zinachelewa, na mshahara haungoji giza.

Wenzetu wa Igoma, Buhongwa na hata visiwani Ukerewe, mlezi wa akiba mnamlipa kwa fungu gani? Mtoto mchanga mnamzoesha vipi mlezi wa pili? Na kikao cha walezi cha kujadili haya kiongozwe na nani, maana mbele yetu tunaowalipa hawasemi?

Wasimamizi wa kituo,
Kirumba, Mwanza