Kasuku na bakuli la alizeti: barua kwa mwanangu

Bagamoyo, Jumapili asubuhi

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo sote, nawe nakuombea afya njema huko Makorora, Tanga. Ujumbe wako nimeupata: kasuku wa bibi yako amefika salama, ila mboga anazitupa chini ya tundu, kisha anapiga kelele mpaka amiminiwe alizeti. Usimmiminie, na wala usimnyime kwa ghafla. Soma kwanza barua hii yote, ndipo uende sokoni.

Alizeti si sumu. Shida yake ni kwamba karibu nusu ya kiini chake ni mafuta, kalsiamu ni haba, na vitamini A ni kama haimo. Kasuku akiwekewa bakuli la mbegu mchanganyiko huanza na alizeti na karanga, akishiba nyingine anazimwaga. Wewe ukiona bakuli limepungua utadhani amekula mchanganyiko, kumbe amekula mafuta matupu. Miaka ikipita ini hujaa mafuta na mishipa ya damu huziba. Ndege ambaye angeweza kuishi miaka 40 na zaidi hufa ghafla, na mwenyewe hushangaa kwa sababu jana yake tu alikuwa mnene anaongea.

Huyu wako ni kasuku wa kijivu; asili yake ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na huko moja ya vyakula vyake vikuu ni chikichi. Chikichi ina mafuta mengi, ni kweli, lakini ina pia ile rangi iliyomo kwenye karoti, ambayo mwili wa ndege huigeuza kuwa vitamini A. Tena ndege wa porini huruka mwendo mrefu kuyafuata matunda. Sisi tunampa mafuta yasiyo na vitamini, halafu tunamfungia asiruke.

Kwa hiyo angalia mambo mawili kabla ya yote: vitamini A na kalsiamu.

Ikipungua vitamini A, ngozi laini ya ndani ya pua na mdomo hukakamaa, na vijidudu hupata njia. Utamsikia akipiga chafya mara kwa mara, tundu la pua litaziba, na ukimchungulia mdomoni utaona madoa meupe. Dawa ya duka haitasaidia kitu kama chakula hakijabadilika. Tafuta mboga na matunda yenye rangi kali: viazi lishe vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, karoti, boga, papai, embe, pilipili hoho nyekundu. Tanga mna bahati, karoti na hoho za Lushoto zinashuka soko la Mgandini zikiwa bado mbichi. Mawese mekundu nayo yanafaa, ila ni mafuta: robo ya kijiko cha chai, mara mbili kwa wiki, yachanganywe na chakula. Tango na saladi nyeupe anazipenda, lakini ni maji tu. Usizihesabu kama mboga.

Kalsiamu ni habari nzito zaidi kwa kasuku wa kijivu kuliko kwa kasuku wengine wengi. Ikishuka kwenye damu huanza kutetemeka, kushindwa kushika mti vizuri, mwisho anaanguka na kupata degedege. Mbegu zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na uwiano huo huzidi kumdhoofisha. Mpe majani ya mlonge, sukuma wiki au majani ya figiri karibu kila siku. Mchicha mpe, lakini usiwe ndio mboga pekee, maana una asidi inayoishika kalsiamu isifyonzwe. Maganda ya mayai yachemshe dakika 10, yakaushe, yasage yawe unga, na umnyunyizie kiasi cha kubana kwa vidole viwili, mara tatu kwa wiki. Kisha kuna lile gamba jeupe la ngisi linaloelea mpaka ufukweni, ambalo ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga kama chaki. Liloweke kwenye maji matamu siku 3, ukiyabadilisha kila siku ili chumvi itoke, lianike juani likauke kabisa, halafu lifunge tunduni upande laini ukimwelekea yeye.

Na jua, mwanangu. Kalsiamu bila vitamini D haiingii mwilini, na vitamini D ndege huipata kwa kuota jua lenyewe. Jua la dirishani halitoshi, kioo huzuia ile mionzi inayotakiwa. Mtoe nje asubuhi, saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu, nusu saa inatosha. Funika robo ya tundu kwa kanga apate kivuli cha kukimbilia, na usimwache peke yake: paka wa mtaani wako wengi, na kunguru nao hawana dogo.

Sasa mlo wenyewe. Huko Ulaya na Marekani madaktari wa ndege husisitiza chakula cha punje za kiwandani kiwe sehemu kubwa ya mlo. Ukikipata kizuri, ambacho hakijaisha muda, chukua. Usipokipata, pika mchanganyiko huu. Kikombe 1 cha nafaka iliyoiva: mchele usiokobolewa, mtama au uwele. Nusu kikombe cha choroko au kunde zilizoiva mpaka zinapondeka. Kikombe 1 na nusu cha mboga zilizokatwa ndogondogo kama za kachumbari, nusu yake za rangi ya chungwa na nusu majani. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna nazi. Maharage ukiyatumia, yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa moto mkali nusu saa nzima kisha uendelee mpaka yaive sawasawa. Maharage mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu.

Gawa mchanganyiko kwenye trei za barafu na ugandishe. Fungu hilo linatosha kama wiki mbili. Kila jioni toa sehemu ya kesho uiweke chini kwenye friji, asubuhi ipashe moto iwe vuguvugu. Umeme ukikatika mpaka vikayeyuka, usivigandishe tena, tupa.

Asubuhi, akiwa na njaa, apate vijiko 3 vya chakula vya mchanganyiko huu. Baada ya muda wa saa mbili ondoa kilichobaki hata kama hajagusa. Kwa joto la Tanga chakula kilichopikwa huchacha upesi, na tumbo la kasuku halivumilii. Jioni, saa kumi na moja hivi, kijiko 1 cha chakula cha mbegu, kilichosawazishwa, si cha kufura. Humo alizeti zisizidi kumi. Zilizobaki ziwe ulezi, uwele, mtama na mbegu za boga. Maji yabadilishwe mara mbili kwa siku na bakuli lioshwe kwa sabuni. Liwe la stili, lisiwe la bati, kwa sababu zinki iliyo kwenye bati ni sumu kwake. Vitamini za kutia kwenye maji achana nazo: zinaharibika upesi na kulisha bakteria, na huwezi kujua amekunywa kiasi gani.

Atakataa. Kasuku wa kijivu hukiogopa chochote kipya, hata kikiwa kitamu. Wiki ya kwanza mpe mbegu zake kama kawaida ila kwa kipimo, ukizichanganya na mboga zenye unyevu ili zigande kwenye mboga. Akizichambua ataonja bila kutaka. Kula karoti mbele yake, uionyeshe unaifurahia. Mkiwa mezani sogeza tundu karibu. Majani ya mlonge yaloweshe uyaning'inize juu. Kuna ndege wanaanza kwa kujioshea, ndipo wanang'ata. Karoti iliyokataliwa ikiwa imekunwa inaweza kupendwa ikiwa kijiti. Punguza mbegu pole pole kwa wiki sita hadi nane. Kumtia njaa ili alazimike ni kosa kubwa, yuko radhi ashinde bila kula kuliko kula asichokijua.

Mlinzi wako hapa ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Alipoondoka huku alikuwa gramu 460. Akishuka chini ya 440 rudisha mbegu kidogo na uende taratibu. Akifika 415 usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Tuje kwenye vitafunwa. Kitafunwa ni ujira: anapewa kwa mkono, kwa kazi aliyoifanya, na hakizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula cha siku. Lozi 1 ikatwe vipande vinane. Akipanda mkononi kipande kimoja, akirudi tunduni bila ugomvi kipande kimoja, imekwisha. Korosho iliyokaangwa bila chumvi inafaa, nusu yake tu. Punje za komamanga atazifurahia. Muhindi mchanga, kipande cha vidole viwili kikiwa bado na majani yake, kitamshughulisha saa nzima. Pilipili mbuzi mpe bila hofu, ndege hawausikii ukali wake. Mapapai mpe na mbegu zake, lakini mbegu za stafeli, topetope na tufaha zitoe zote.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kungu. Mikungu imejaa mijini kwetu pwani, na tunda lake huokotwa bure. Osha, mpe zima. Atachambua nyama, atatafuna nyuzi za ganda, na akifika kwenye kiini atakuwa amefanya kazi ambayo porini ingemchukua nusu ya siku. Kasuku asiye na kazi hujinyonyoa manyoya. Siku nyingine ficha kitafunwa ndani ya kifuu, ukifunike kwa jani la mgomba.

Karanga za maganda usimpe hata moja. Hewa yetu ina unyevu, na ndani ya ganda huota ukungu wenye sumukuvu, inayoharibu ini. Unakumbuka mwaka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Sasa fikiria ndege wa nusu kilo. Mbegu nazo nunua chache, zihifadhi kwenye chupa kavu, na zikinuka uvundo usizichague, tupa zote.

Wageni watataka kumpa vyao. Parachichi ni mwiko, linaua. Chokoleti, kahawa na pombe vivyo hivyo, na kitunguu pamoja na saumu. Chai ya maziwa na andazi, ambayo wengi wa pwani humpa kasuku kwa mapenzi, ina sukari na maziwa asiyoweza kuyasaga. Pilau ina chumvi. Ubuyu wa rangi na sukari si wake, huo ni wako. Kisamvu na muhogo mbichi hapana. Na kile kikaango chako kisichoshika chakula, usikitumie kabisa nyumba anamokaa: kikipata moto kupita kiasi hutoa moshi ambao wewe hutausikia, na kasuku hufa kwa dakika chache.

Mizani, mifuko miwili ya mlonge mkavu, gamba la ngisi lililokwisha kuoshwa na bahasha yenye karatasi za kibali chake nimempa kondakta wa basi la kesho, kapokee stendi. Jumanne asubuhi mpime kabla hajala, uniandikie gramu ngapi na kinyesi chake kina rangi gani.

Mama yako