Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wauguzi wa Muda na Zamu Zetu

Assalaam alaykum. Ndugu wauguzi wenzangu, wanachama wa Amu, Mokowe, Mpeketoni, Faza na Kizingitini, poleni kwa kazi ya mwaka mzima.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Tumekutana kila robo mwaka kama katiba yetu inavyotaka, na hesabu zimekaguliwa. Mweka hazina atazisoma baada yangu. Wenzetu wawili wamestaafu, nasi tunawashukuru kwa dhati. Lililotushughulisha kuliko yote ni wauguzi wa muda, hawa tunaowaita lokamu.

Kila anayepanga zamu anaijua hali. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mwengine yuko masomoni, Maulidi yamekaribia na mji umefurika wageni. Hutafutwa muuguzi wa kulipwa kwa siku. Kwenye karatasi huonekana rahisi: hana pensheni, hana likizo, hana posho ya nyumba. Lakini akitoka Mombasa kuna nauli ya basi, boti ya kuvukia Mokowe, na mahali pa kulala. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, aliyepangiwa zamu ya asubuhi Kizingitini huenda akafika alasiri, na aliyekesha usiku kucha akabaki wodini akimngojea. Tena kuna saa za muuguzi mwenyeji anayewaacha wagonjwa wake ili amzungushe mgeni. Saa hizo haziandikwi popote.

Nitawaeleza usiku mmoja niliokuwapo mwenyewe, kituo sikitaji. Mama alijifungua salama, kisha damu ikaanza kumtoka kwa wingi. Lokamu aliyekuwa naye ni mkunga hodari, tayari alikuwa akilikanda tumbo la uzazi kama inavyotakiwa. Asichokijua ni friji ya oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi ili damu ikome, iko chumba gani na ufunguo anao nani. Dawa ile huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, haikai kwenye trei kando ya kitanda. Ikabidi amtume mhudumu wa usafi, naye akaja mbio kuniita wodi ya pili. Mama alipona, alhamdulillahi. Lokamu yule alilia asubuhi, nami niliona haya, kwa kuwa tulipokabidhiana zamu hakuna aliyemwonyesha friji. Mimi pia sikumwonyesha.

Kwa hivyo sikubali wauguzi hawa walaumiwe. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2007 na Linda Aiken na wenzake ulionyesha kuwa matatizo yanayohusishwa na wauguzi wa muda yanatokana zaidi na mazingira mabovu ya kazi pale wanapoitwa. Wakati huohuo tusijidanganye: katika hospitali moja ya Uingereza, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kila siku ambayo mgonjwa alitegemea sana wauguzi wa muda, yaani saa 1.5 au zaidi za huduma yake, hatari ya kifo ilipanda kwa asilimia 12. Lokamu mmoja kati ya wenyeji ni msaada mkubwa. Wodi nzima ya wageni ni jambo jengine kabisa.

Hapa kwetu tuliona pia upande wa mikataba. Mwaka 2020 serikali ya kitaifa iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa miaka 3. Waliizoea kazi, wagonjwa wakawazoea, halafu wakakaa roho juu kila tarehe ya mwisho ilipokaribia.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo barua yetu tumeielekeza huko. Tumeomba nafasi za kudumu zijazwe kwanza. Pale lokamu anapohitajika, aitwe kutoka orodha ya vijana wetu wa Lamu wenye leseni wasio na ajira, na arudishwe wodi ileile kila mara. Na kabla hajashika mgonjwa, apewe saa moja ya kuonyeshwa friji, oksijeni, kabati la dawa za dharura na nambari ya daktari wa zamu, na saa hiyo alipwe.

Jibu bado hatujapata. Kamati inaomba idhini yenu tuende ana kwa ana. Nakala ya barua iko kwa katibu. Anayetaka kuisoma kabla ya kura aichukue sasa.